Umepamba Dirisha, Lugha Umeiacha Nje

Wapenzi wa lugha yetu, leo nina ugomvi na watu wa namna mbili, na wote ninawapenda. Wa kwanza ni vijana wanaotumia Linux na kujivunia uzuri wa kompyuta zao. Wa pili ni sisi wenyewe: washairi, walimu, na wote tunaojiita walinzi wa Kiswahili. Kosa letu ni moja, ila kila kundi linalitenda kwa upande wake.

Nianze na vijana. Mtumiaji wa Linux ana uhuru ambao wenzake wengi hawaujui. Sura ya kompyuta yake si amri ya aliyeitengeneza. Anaweza kuchagua GNOME iliyo nyoofu na yenye mambo machache, au Plasma ya KDE ambayo karibu kila kitu chake hugeuzwa, au Xfce iliyo nyepesi na yenye huruma kwa mashine kuukuu. Anahamisha upau kutoka juu kwenda chini. Anabadili mandhari, aikoni, fonti, rangi za madirisha, hata umbo la kishale cha kipanya. Wapo wanaokesha kwa kazi hiyo, wala siwacheki. Msusi wa mikeka hutia rangi katika ukili wa mkeka utakaokaliwa na kulaliwa, na hakuna anayemwambia kuwa anapoteza muda. Mtu hupamba anapoishi, na vijana wetu wanaishi ndani ya mashine hizo kutwa.

Lakini hebu tuzitazame kompyuta hizo walizozipamba. Nyuma kuna picha ya Mlima Kilimanjaro. Pembeni kuna twiga. Rangi ni za bendera ya taifa. Na kila neno lililoandikwa juu ya uso huo ni la Kiingereza! Menyu ni Kiingereza, maonyo ni Kiingereza, hata siku ya wiki kwenye kona ni Kiingereza, ilhali Jumatatu na Januari zimo tayari ndani ya mfumo. Mipangilio ya Kiswahili cha Tanzania na ya Kiswahili cha Kenya imo katika Linux, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Kijana amebadili kila kilicho kimya, akaacha kimoja tu kama alivyokikuta: kile kinachosema naye.

Hoja yangu ni hii. Sura ya kompyuta ni maneno yake kwanza, rangi baadaye. Ondoa mandhari na aikoni zote, kazi itaendelea. Ondoa maneno, mashine imekuwa bubu. Kwa hiyo anayedai kuwa ameifanya kompyuta iwe yake, huku ikimsemesha kwa lugha ya wengine, amepaka rangi nyumba ya kupanga.

Najua vijana watanijibu nini. Watasema: “Mwalimu, tulijaribu. Tuliwasha Kiswahili, menyu moja ikatujibu kwa Kiswahili na ya pili kwa Kiingereza. Tafsiri haijakamilika.” Wamesema kweli. Na hapo ndipo ninapowageukia walinzi wa lugha, kwa sababu swali linalofuata ni hili: nani alipaswa kuikamilisha?

Tusijifanye kuwa jambo hili haliwezekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Katika muongo huohuo Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika programu zake. Tofauti kati ya njia hizo mbili ndiyo kiini cha jambo. Programu ya kampuni hutafsiriwa pale kampuni inapoona faida. Ikichoka, imechoka, nasi hatuna la kufanya. Programu huria haina mlango wa kufungwa. Leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza. Richard Stallman alitangaza mpango wake wa GNU mwaka 1983 kwa msingi huo, na Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka 1991, kazi yake ikaja kutawaliwa na msingi huohuo. Kwa hiyo kila mstari wa Kiingereza unaobaki katika eneokazi la GNOME au la Plasma unabaki kwa sababu hakuna Mswahili aliyekaa akaandika mwenzake.

Na kazi yenyewe si ya ajabu. Tafsiri za programu hizi huwekwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, yaliyopangwa mistari miwili miwili. Wa kwanza una maneno ya Kiingereza. Wa pili ni mtupu, unangoja. Hakuna hesabu humo, wala hapahitajiki ujuzi wa kuunda programu. Panahitajika mtu anayeijua lugha.

Ninakwenda mbali zaidi: panahitajika mshairi. Kitufe kina upana wake. Neno likizidi, linakatwa mkia au linasukuma jirani yake. Asiyezoea kubana maana atatuandikia kuwa mtu abonyeze hapo ili arudishe hali iliyokuwapo kabla ya kitendo cha mwisho. Aliyelelewa katika mizani atasema: Tendua. Mizani tatu, kazi imekwisha. Na tazama utamu wake! Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua. Walimu wa sarufi tumeifundisha miaka yote kauli ya kutendua, jina lake likiwa midomoni mwetu, kumbe tulikuwa tumeshika lebo ya kitufe bila kitufe chenyewe. Pakia na pakua ni hivyo hivyo. Anayepandisha faili mtandaoni anapakia, kama tunavyopakia mzigo. Anayelishusha anapakua, kama mama anavyopakua chakula chunguni. Hayo si maneno ya kubuniwa gizani; yamekuwa nasi tangu utotoni.

Upo pia upatanisho wa kisarufi, ambao hakuna mashine inayouonea aibu kuuvunja. Kiingereza kina neno moja la upya kwa vitu vyote. Sisi tuna dirisha jipya, folda mpya, kiungo kipya na ukurasa mpya. Programu inapochukua neno hilo moja na kulibandika mbele ya kila jina, matokeo ni Kiswahili cha kuokoteza. Mtafsiri anayejua ngeli ataliona kosa kabla halijatokea, atawaandikia waundaji wa programu na kuwaomba watenganishe sentensi zile. Njia ya kutenganisha ipo. Lakini nani atawaandikia, ikiwa wajuzi wa ngeli wote wamekaa barazani wakilalamika kuwa teknolojia inaharibu Kiswahili?

Nitoe mfano mmoja zaidi, kwa maana unanigusa. Plasma ina saa isiyoonyesha tarakimu, bali huandika wakati kwa maneno. Kila sentensi ya saa hiyo inaweza kutafsiriwa peke yake. Maana yake ni kwamba pale Mwingereza anaposoma kuwa ni saa ya kwanza, mtafsiri wa Kiswahili ana haki ya kuandika saa saba. Kompyuta yako ikuambie saa saba, saa saba na robo, saa saba na nusu, kama anavyokuambia jirani yako! Hakuna rangi wala mandhari itakayoifanya mashine iwe ya kwetu kuliko hilo.

Sasa nizijibu hoja za wanaotaka tukae tulivyo.

Wa kwanza husema tusubiri istilahi zisanifiwe. Ninaiheshimu BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, na kazi yake ni ya lazima. Lakini usanifishaji huchagua katika yaliyopo. Hauchagui katika hewa tupu. Tumebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tumebishana kuhusu nywila na nenosiri. Huku tukibishana, watumiaji wamesoma maneno ya Kiingereza mara elfu, wakayazoea. Mimi ninaandika nikiwa Choma, mkoani Tabora, nchi ya wapagazi. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Wanyamwezi walibeba nguo, shanga na nyaya kuja bara, wakashusha pembe pwani, na Kiswahili kikasafiri vichwani mwao pamoja na mizigo. Kitambaa kilichotoka Marekani kiliitwa merikani, na safari ikaendelea. Hakuna aliyetua mzigo njiani akingoja jina lisanifiwe. Kama mababu zetu waliweza kusema merikani bila haya, nasi tuseme kompyuta bila haya, tuhifadhi nguvu zetu kwa ajili ya sentensi elfu nyingi zinazotungoja.

Wa pili husema Kiingereza ndiyo lugha ya kompyuta, na mtoto ataihitaji. Ajifunze Kiingereza, tena vizuri! Sipingi. Lakini Wabaski, ambao wasemaji wa lugha yao hawafiki milioni moja, wana GNOME na LibreOffice katika Kibaski, wala hatujasikia kuwa watoto wao wameshindwa kompyuta. Sisi tunajisifu kwa wasemaji wa makumi ya mamilioni, kutoka pwani hadi mashariki mwa Kongo. Wingi usioandika mistari ni wingi wa sokoni tu.

Wa tatu husema maneno ya Kiswahili kwenye skrini yanachekesha. Kila jipya huchekesha siku ya kwanza. Anayecheka kipanya cha kompyuta asahau kidogo kwamba Mwingereza naye alimwita mnyama yuleyule.

Ni nani anayeumia katika uzembe huu? Si mimi niliyestaafu, wala si kijana aliyeweka Kilimanjaro kwenye skrini. Anayeumia ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka mingi niliwaandaa walimu wa namna hiyo chuoni. Shule zetu za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili, na mambo ya TEHAMA yamo katika yale watoto wanayofundishwa. Mwalimu anasimama mbele ya darasa na kompyuta moja, kama ipo. Anasema hifadhi, na mtoto anatafuta hifadhi kwenye skrini, haipo. Anasema nakili, kisha bandika, navyo havipo. Inabidi kila jambo alifundishe mara mbili, mara moja kama maarifa na mara ya pili kama fumbo la lugha ngeni. Mtoto anatoka na somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba lugha ya mama yake na ya mwalimu wake haifai kwa vitu vya maana. Somo hilo hukaa muda mrefu kuliko mengine yote. Nasi tunaliruhusu lifundishwe kwa programu ambazo tuna ruhusa kamili ya kuzibadili!

Kejeli kubwa kuliko zote ni hii: mmoja wa mifumo maarufu ya Linux, uliotoka mwaka 2004, unaitwa Ubuntu. Neno hilo limetoka kwa ndugu zetu wa kusini mwa Afrika, na kwetu ni utu. Tumeipata kompyuta yenye jina la utu wetu, kisha tukaiacha iendelee kusema kigeni nyumbani kwetu.

Basi ninachodai ni kidogo. Kijana mwenye Linux, kabla hujabadili mandhari tena, washa Kiswahili na uandike kila mahali ambapo Kiingereza kinachungulia. Mshairi, mtafute kijana huyo. Yeye akuonyeshe faili, wewe umpe maneno. Mistari ishirini kwa wiki, watu wawili wawili, kila mmoja amkosoe mwenzake kama tunavyokosoana vina. Na wakufunzi walioko vyuoni wawape wanachuo mistari hiyo kuwa zoezi la tafsiri, badala ya vifungu vinavyosahihishwa na kutupwa.

Anayeona nimekosea, anijibu. Ila asinijibu kwa kompyuta inayosema Kiingereza.

Malenga njoo kazini, neno lipate makazi,
Kitufe ki mkononi, chataka jina la wazi,
Tusiishie rangini, tukasahau mizizi,
Lugha iwe dirishani, isibaki simulizi.