Jua Haliulizi Cheti

Tuanze na tarehe, ndiyo hasira yangu ipate mahali pa kukaa. Jumamosi, 13 Novemba 2032, sayari ya Utaridi itapita mbele ya jua. Shuleni tuliiita Zebaki. Ni ile ile. Itaingia kwenye uso wa jua karibu saa nne kasorobo asubuhi na kutoka dakika chache baada ya saa nane mchana. Yaani kutoka Lodwar hadi Lamu mpito mzima utatokea mchana kweupe, siku ambayo si ya shule. Zaidi ya saa nne, na hakuna kiingilio.

Na ninakuambia mapema: tukiendelea hivi tulivyo, tutaukosa. Mawingu ya mvua za vuli yanaweza kuchangia, sawa. Lakini kitakachotunyima zaidi ni hii imani yetu kwamba anga ni ya watu wenye vyeti.

Tumeshakosa tayari. Tarehe 6 Juni 2012 jua lilichomoza Nairobi likiwa na doa jeusi usoni. Doa hilo lilikuwa Zuhura, na lilikaa pale hadi karibu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Nilikuwa shule ya msingi. Saa hiyo tulikuwa nje tunafagia uwanja, na hakuna mtu mzima aliyetuambia kitu. Nilikuja kujua miaka baadaye, kwenye simu. Mpito mwingine wa Zuhura ni Desemba 2117. Piga hesabu ya umri wako.

Kisha ikaja zamu ya Utaridi, 11 Novemba 2019, kuanzia saa tisa na nusu hivi alasiri hadi jua likatua nayo. Wakati huo karo ilikuwa imenishinda, nimeacha chuo kikuu, naandika kwa malipo ya makala moja moja. Nilimwandikia mhariri mmoja nikitaka kuwaeleza wasomaji wake namna ya kuutazama mpito. Jibu lake lilikuwa swali: "Umesomea fizikia wapi?" Hakuuliza kama saa nilizoandika ni sahihi, jambo ambalo angelikagua kwa dakika mbili. Aliuliza karatasi.

Basi wacha nimjibu leo. Jeremiah Horrocks aliingia Cambridge mwaka 1632 kama mwanafunzi maskini, wa wale waliopata masomo kwa kufanya kazi za utumishi chuoni. Elimu ya nyota aliyoitaka haikuwa kwenye mtaala, kwa hivyo akajisomea mwenyewe. Mwaka 1635 akaondoka bila digrii. Johannes Kepler, jina zito kuliko yote katika mambo haya, alikuwa amepiga hesabu kwamba mwaka 1639 Zuhura ingepita kando kidogo ya jua. Horrocks alizirudia hesabu hizo akakuta itapita mbele yake kabisa. Tarehe 24 Novemba 1639, kwa kalenda ya Uingereza ya siku hizo, akaielekeza darubini kwenye jua, akaiacha picha yake iangukie karatasi, na karibu nusu saa kabla ya jua kutua akaliona doa. Alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Mwingine pekee tunayejua kwamba aliona siku hiyo ni rafiki yake William Crabtree, mfanyabiashara wa vitambaa.

Mtu asiye na digrii na muuza vitambaa. Hebu wapeleke hao wawili kwenye kongamano lolote Nairobi leo. Mlinzi wa getini atawauliza beji.

Sisemi chuo ni bure. Horrocks alikesha na hesabu. Alimsoma Kepler hadi akajua Kepler alikosea wapi, na huo ndio usomi wenyewe. Digrii ni risiti ya usomi. Sisi tumekuwa watu wa kuabudu risiti bila kuuliza kama mzigo ulifika.

Najua kuna msee atasema: unga umepanda bei, wewe unatuletea sayari? Nimewahi kulala njaa, kwa hivyo hapo usinihubirie. Angalia ni kina nani waliogharamia mambo haya. Mwaka 1761 Charles Mason na Jeremiah Dixon waliutazama mpito wa Zuhura hapa hapa Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, baada ya meli yao kushambuliwa na Wafaransa wakielekea Sumatra. Mwaka 1769 James Cook alitumwa hadi Tahiti kuutazama mwingine. Walikuwa wanatafuta umbali wa dunia na jua, hizo kilomita milioni 150 tulizokariri bila kuambiwa zilipatikanaje. Lakini Cook alibeba pia maagizo ya siri ya kutafuta bara la kusini, na mwaka 1770 akatangaza pwani ya mashariki ya Australia kuwa mali ya mfalme wake. Wenyeji walioishi pale maelfu ya miaka hawakuulizwa.

Wenye nguvu walijua kwamba anayeijua anga anaijua njia. Anayekuambia anga ni anasa ya walioshiba amekupokonya kitu, na pengine hata yeye hajui.

Tena si kitu kigeni kwetu. Kile kikundi cha nyota tunachokiita Kilimia kilipata jina kutokana na kulima, kwa sababu wakulima walikitazama kujua msimu. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu walisafiri usiku kwa nyota. Hawakuwa na nakala za vyeti zilizogongwa mihuri. Hata leo nchi hii imebebwa na mafundi wa jua kali, na wengi wao wamejifunza kwa kutazama na kufanya. Fundi wa Kamukunji tunamwamini na milango ya nyumba zetu, lakini akitaja sayari tunacheka.

Kwa hivyo tunafanyaje? Kwanza, macho. "Usiangalie jua" ni onyo sahihi linaloishia njiani, lingemaliziwa na "angalia hivi." Kipenyo cha Utaridi siku hiyo kitaonekana kidogo zaidi ya mara 190 kuliko cha jua, kwa hivyo miwani ya kupatwa kwa jua peke yake haitakuonyesha kitu. Filamu za eksrei, kioo chenye masizi na miwani ya mitindo, achana navyo kabisa. Njia ya Horrocks bado inafanya kazi: darubini rahisi ya lenzi, inayokuza kama mara 50, iwe kwenye stendi. Ielekeze juani kwa kufuata kivuli chake, bila jicho kuikaribia, halafu acha picha ya jua iangukie karatasi nyeupe iliyo kivulini. Mtu mmoja asimame hapo muda wote, mtoto asije akachungulia. Darubini moja hivyo inatosha watu ishirini kuona kwa pamoja.

Kama shule ya mtaa wenu ina darubini imefungiwa stoo, ulizeni ufunguo. Kama haina, changeni. Tunachangia harusi za watu tusiowajua vizuri, darubini moja ya mtaa haitatumaliza. Walimu, Jumamosi hiyo fungueni uwanja. Wahariri, kijana wa Kayole akiwaandikia kuhusu mpito, kagueni hesabu zake kwanza. Mkikuta kosa, mwambieni liko wapi.

Na wewe uliyeacha chuo, au chuo kikakuacha, usisubiri kuitwa. Hakuna fomu ya kujaza. Anza kusoma sasa, ukosee hesabu, uzirudie, ndiyo siku ikifika uwe wewe unayewaonyesha wengine mahali pa kutazama. Njoo na karatasi nyeupe. Tukutane juani.