Nakala Moja Haitoshi



Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulitoka mlimani Cape Town ukaunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha mji huo. Vitabu vingi vya habari za Afrika viliteketea. Waafrika wengi walisikitika, na walikuwa na haki ya kusikitika.

Lakini uko msiba mwingine usio na moshi. Siku hizi majarida mengi ya wataalamu hayachapwi tena kwa karatasi. Hutolewa kwa kompyuta tu. Ada ya tovuti isipolipwa, au mashine ikiharibika, jarida lote hutoweka na hakuna anayelia. Wachunguzi walihesabu majarida 174 ya kusomwa bure yaliyotoweka katika intaneti kati ya mwaka 2000 na 2019. Mwaka 2024 Martin Eve wa Uingereza alieleza kwamba, katika maandishi zaidi ya milioni 7 aliyoyachungua, zaidi ya milioni 2 hayakuonekana katika hazina yoyote ya kuyahifadhi.

Wako wasemao kazi hiyo tuwaachie matajiri wa Ulaya na Marekani. Hapana! Nani humwachia jirani hati ya shamba lake, asibaki hata na nakala? Utafiti wa mbegu zetu, maradhi yetu na lugha yetu ukilipiwa kwa kodi ya mkulima, ni mali ya mkulima na wajukuu zake.

Dawa inajulikana. Mwaka 1999 maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilianzisha mpango uitwao LOCKSS. Kila maktaba huweka nakala yake. Kompyuta huzilinganisha nakala hizo mara kwa mara, na iliyoharibika hutengenezwa kwa kufuata zilizo nzima. Programu yenyewe iko wazi kwa kila mtu.

Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1963 hadi 1970. Basi leo na zitunziane nakala. Serikali zetu nazo ziamuru kwamba kila jarida linalolipiwa kwa fedha za umma liwekwe katika maktaba zisizopungua tatu, na zitenge fungu la kazi hiyo kila mwaka. Kujenga vyuo ni jambo jema, lakini chuo kisichotunza maandishi yake kitawafundisha watoto wetu maneno ya wengine tu.