Mtoto wa Jicho: Asiyeona Asingoje Lenzi ya Ghali

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ulipokutana kwa mara ya 74 mwaka 2021, uliziwekea nchi wanachama shabaha ya kufikia mwaka 2030. Shabaha hiyo yasema kwamba, miongoni mwa watu wanaohitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, kiwango cha wale wanaoupata na kuona vizuri baadaye hakina budi kupanda kwa pointi 30 za asilimia. Maneno ya kuangaliwa hapo ni hayo ya "kuona vizuri baadaye". Zamani serikali nyingi zilihesabu visu: macho mangapi yamepasuliwa mwaka huu. Hesabu inayotakiwa sasa ni ya macho yanayoona. Sisi tulio katika majeshi ya ulinzi na usalama twaielewa upesi tofauti hiyo, maana hata katika uwanja wa kulenga hakuna anayesifiwa kwa idadi ya risasi alizofyatua.

Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, kama wengi wetu tulivyoambiwa utotoni. Ni lenzi ya jicho yenyewe, iliyo nyuma ya mboni, ambayo kwa kawaida ni angavu kama maji ya chemchemi, kisha ikaingiwa na ukungu. Uzee ndio chanzo kikuu. Lakini kisukari, sigara, jua kali la miaka mingi, matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi, na pigo la jicho, huuleta ukungu huo mapema. Na pigo la jicho ni jambo la kazi yetu: kipande cha bomu, jiwe lililorushwa katika ghasia, kitako cha bunduki. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 15 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walikuwa vipofu duniani kwa sababu hiyo moja. Hakuna dawa ya matone, wala mizizi, wala miwani, inayoweza kuirudishia lenzi hiyo uangavu wake. Tiba ni kuitoa na kuweka nyingine.

Shida ya siku hizi imo katika hilo neno "nyingine". Kila mwaka, kabla ya kuadhimisha Tarehe Sita, siku vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1981, jeshi letu huenda vijijini kuwatibu raia bila malipo. Katika foleni moja ya namna hiyo tulimkuta sajini mstaafu, mzee mwenye heshima zake, akiongozwa kwa fimbo na mjukuu. Tulipomwuliza kwa nini amekawia hivyo, alijibu kwamba alikuwa akikusanya fedha. Jamaa yake wa mjini alimweleza kuwa kuna lenzi ya kisasa inayoonyesha mbali na karibu, na kwamba zile za kawaida "ni za maskini". Mzee akauza mbuzi, akaweka fedha, akangoja miaka miwili. Katika kungoja, mtoto wa jicho wa upande wa kulia akakomaa kupita kiasi, lenzi ikavimba, shinikizo la ndani ya jicho likapanda na kuua mshipa wa kuonea. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. Hakuna lenzi, iwe ya shilingi ngapi, inayoweza kulifufua jicho ambalo mshipa wake umekufa.

Ni vyema basi tueleze lenzi hizi zilitoka wapi, kwa kuwa historia yake inawahusu wapiganaji kuliko wengi wanavyojua. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa Jeshi la Anga la Uingereza waliruka na ndege zenye vifuniko vya plastiki ngumu iitwayo perspex. Risasi za adui zilipovunja vifuniko hivyo, vipande viliwaingia marubani machoni. Mmoja wao, Gordon Cleaver, alijeruhiwa hivyo mwezi Agosti 1940, akapoteza jicho moja; katika jicho la pili vipande vilibaki humo miaka na miaka. Daktari Harold Ridley wa London, aliyewatibu majeruhi hao, aliona ajabu: jicho, ambalo kwa kawaida halivumilii kitu kigeni, lilikaa na plastiki ile bila kuvimba. Baadaye mwanafunzi mmoja, akimtazama akitoa mtoto wa jicho, alisema ni masikitiko kwamba lenzi iliyotolewa hairudishiwi nyingine. Ridley akaunganisha mambo hayo mawili. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alimpasua mwanamke wa miaka 45 kwa nia ya kumwekea lenzi ya plastiki ya jamii ile ile, na mwezi Februari 1950 lenzi hiyo ikakaa moja kwa moja. Madaktari wakubwa wa wakati wake walimpinga kwa miaka mingi. Aliishi hadi mwaka 2001, na uzeeni yeye mwenyewe aliwekewa lenzi za namna aliyoibuni.

Kabla ya hapo, aliyetolewa mtoto wa jicho alipewa miwani minene kama chini ya chupa. Siku ilipovunjika, au mtoto alipoipoteza shambani, mtu alirudi kwenye upofu. Hali hiyo iliendelea katika nchi zetu muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha, kwa sababu lenzi moja iliuzwa zaidi ya dola 100.

Mageuzi ya bei yalitoka kwa watu ambao huenda hukuwatazamia. Mwaka 1987 daktari Fred Hollows wa Australia alitembelea Eritrea wakati vita vya ukombozi vikiendelea, akawakuta madaktari wa wapiganaji wakifanya upasuaji katika hospitali zilizofichwa milimani ili ndege za adui zisizione. Alirudi kwao akiwa ameshawishika kwamba watu wa namna hiyo hawahitaji kupelekewa lenzi za msaada, wanaweza kuzitengeneza. Alifariki mwezi Februari 1993, lakini mwaka uliofuata viwanda viwili vya lenzi vilifunguliwa, kimoja Asmara na kingine Kathmandu, Nepal. Huko Madurai, India, hospitali ya Aravind ilikuwa imekwisha kuanzisha kiwanda chake, Aurolab, mwaka 1992. Bei ikaporomoka hadi kiasi cha dola 10 na hata chini yake. Tangu hapo, mtu akisema kwamba lenzi ndiyo inayomzuia mwananchi kuona, hasemi kweli.

Je, hiyo ya bei ndogo ni lenzi hafifu? Hapa ushahidi upo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Nepal. Wagonjwa 108 wenye mtoto wa jicho aliyekomaa waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipasuliwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayosaga lenzi na kuifyonza, na mpasuaji alikuwa David Chang wa Marekani. Kundi la pili lilipasuliwa kwa mkono, kwa njia ya tundu dogo lisiloshonwa, na Sanduk Ruit wa Nepal. Baada ya miezi sita, katika kila kundi watu 98 kwa kila 100 walikuwa na uwezo mzuri wa kuona wakisaidiwa na miwani. Njia ya mkono ilichukua wastani wa dakika 9. Ya mashine ilizidi dakika 15. Mashine ina faida zake, hasa kwa mtoto wa jicho aliye laini bado: tundu lake ni la milimita 2 au 3, na lenzi inayokunjika hupitishwa humo na kujikunjua ndani. Ile ngumu yahitaji tundu la milimita 6 hivi. Lakini kwa jicho lililofungwa kabisa, kama ya wazee wetu wengi, fundi hodari wa njia ya mkono hana sababu ya kuona haya.

Sasa tuingie katika uchaguzi wenyewe. Lenzi ya kawaida ina kipimo kimoja cha umbali. Wengi huwekewa ya kuona mbali, na kwa kusoma huvaa miwani ya kawaida iuzwayo hata sokoni. Ipo lenzi ya pili, itengenezwayo kwa wale ambao kioo cha mbele cha jicho hakina mviringo sawa. Hiyo hunyoosha kasoro, ila lazima ikae katika pembe yake barabara. Ikizunguka digrii 10 tu imepoteza theluthi ya kazi yake, na ikizunguka 30 ni kana kwamba haikuwekwa. Ya tatu ndiyo iliyomponza sajini: lenzi ya umbali mwingi. Hiyo huugawanya mwanga, sehemu ikipelekwa kwenye picha ya mbali, sehemu kwenye ya karibu. Kwa karani wa mjini mwenye macho yenye afya yaweza kuwa neema. Lakini mwanga uliogawanywa ni mwanga uliopungua. Mwenye lenzi hiyo aweza kuona duara za mng'ao kuzunguka taa za magari usiku, na vitu visivyotofautiana sana kwa rangi humchanganya wakati wa magharibi. Tumfikirie dereva wa lori la kijeshi katika barabara isiyo na taa, au mlinzi wa lindo la alfajiri anayetakiwa kutofautisha mtu na kichaka. Kwa kazi kama hizo, na kwa mwenye presha ya macho au ugonjwa wa nyuma ya jicho, tunaona lenzi ya kawaida ndiyo chaguo la busara, hata kama nyingine ingetolewa bure.

Ipo pia njia ya kuweka lenzi za kawaida kwa mpango maalumu: jicho moja la mbali, jingine la karibu. Wengine huizoea vizuri, wengine hupungukiwa na uwezo wa kukadiria umbali. Askari aliye bado kazini amwambie daktari mapema analenga kwa jicho lipi. Tena ajue kwamba lenzi iliyopimwa kwa mbali kabisa humwonyesha adui aliye mita 300, lakini alama ya mbele ya bunduki yake yaweza kuwa na ukungu kidogo. Daktari wa raia hawezi kulikisia jambo hilo asipoambiwa.

Kuliko aina ya lenzi, kipimo ndicho kinachoamua. Kila jicho lina urefu wake, na kosa la milimita moja katika kupima urefu huo humwacha mgonjwa na kasoro ya karibu nguvu tatu za miwani. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza hospitali si "mna lenzi gani?" bali "mtanipima jicho kabla?" Hapo ndipo kambi za matibabu, zikiwemo za kwetu, zinapotakiwa kujichunguza. Kupasua macho mengi kwa juma moja ni kazi ya kusifiwa. Kuondoka bila kupanga nani atawaangalia wagonjwa baada ya siku moja, baada ya wiki, na baada ya mwezi, ni kurudi katika ile hesabu ya visu. Hospitali za macho zenye sifa hatuzikosi katika eneo hili: Mengo ya Kampala, Ruharo ya Mbarara, Kikuyu nchini Kenya, KCMC ya Moshi. Kambi ishirikiane na hospitali ya kudumu iliyo karibu, na majina yaachwe huko. Wanawake wasisahauliwe, kwani duniani kote wao ndio wanaopitwa zaidi na upasuaji huu. Mara nyingi baba huletwa na mama huachwa jikoni akipapasa.

Neno moja kuhusu uvumi. Husemwa kwamba mtoto wa jicho "hurudi". Lenzi ya plastiki haishikwi na ukungu huo. Kinachotokea kwa baadhi ya watu, miezi au miaka baadaye, ni kwamba kifuko chembamba kinachoishikilia lenzi hiyo huwa kizito, na kuona kukafifia tena. Daktari hukitoboa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kisu wala kulazwa.

Sajini wetu alipasuliwa jicho la kushoto mwezi huo huo, akawekewa lenzi ya kawaida. Tulipomtembelea alitutambua kutoka mlangoni na kutuuliza mbona mmoja wetu hakunyoa ndevu. Mjukuu amerudi shuleni. Malalamiko ya mzee kwa sasa ni juu ya miwani yake ya kusomea, ambayo watoto huichezea na hawairudishi mahali pake.