Kuku Wana Taa, Mwanafunzi Hana

Vijana wenzangu wafugaji, leo siongelei chanjo wala bei ya pumba. Naongelea jambo ambalo na mimi nina kosa ndani yake.

Mwaka jana nilimtembelea kijana mmoja mwenye kuku wa mayai 300. Nguzo za umeme zimeishia kijijini, kitongojini kwake hazijafika, kama ilivyo kwa vitongoji vyetu vingi. Nilifika giza limeshaingia. Nyumbani kulikuwa na kibatari kimoja tu, jikoni. Banda la kuku linang'aa kama stendi. Ndani yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekaa mdogo wake wa kike wa darasa la saba, daftari mapajani, anafanya hesabu huku kuku wanamdonoa ndala.

Nikamuuliza kaka mtu, mbona mtoto anasomea huku? Akacheka. "Bwana shamba, si taa ndiyo iko huku? Halafu hao kuku ndio wanaonunua hayo madaftari."

Nilikosa jibu, maana ule mfumo wa sola nilimchorea mimi. Paneli ya wati 50, betri moja, taa nne za wati 5, zote bandani. Nilimweleza vizuri kabisa kwamba kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na kwetu jua linatupa kama 12 tu. Habari ya nyumbani sikuuliza.

Jibu nimelipata baadaye. Kweli kuku wananunua madaftari, lakini hayo mayai anayaokota nani? Yule binti akitoka shule anateka maji, anaokota mayai, anapika, anaosha vyombo. Akimaliza ni saa moja na nusu usiku. Muda wake wa kusoma uko gizani tu, hana mwingine. Sisemi taa peke yake inafaulisha mtu. Ila bila taa huo muda haupo kabisa.

Na hata kibiashara ni hasara. Kila siku nawaambia msiingize watu bandani ovyo kwa sababu ya kideri, halafu mtoto anaingia na ndala alizozunguka nazo mtaa mzima! Acha ile harufu ya mbolea na vumbi la maranda anavyovuta.

Tupige hesabu. Taa nne za wati 5 kwa masaa manne zinakula wati-saa 80. Taa moja ya wati 5 juu ya meza ya mwanafunzi, masaa matatu, ni wati-saa 15. Hiyo ndogo sana. Kinachomaliza betri ni tivii ya mpira, na simu za majirani zinazochajiwa usiku kucha. Wateja wa simu waje mchana, jua likiwa linapiga paneli. Paneli yenyewe ifutwe vumbi, na betri ya kawaida ya maji usiiache ishuke chini ya nusu, itakufa mapema.

Halafu, nani alisema kuku lazima wawashiwe jioni? Wawashie alfajiri, kuanzia saa tisa hivi mpaka kupambazuke. Jioni wataingia kulala wenyewe jua likizama, tofauti na ukizima taa ghafla wakabaki wamezubaa chini. Nunua taima usiamke wewe. Ratiba usiihamishe kwa siku moja, isogeze polepole, na ukishaiweka usiichezee, maana kuku akivurugiwa mwanga mayai yanashuka. Basi jioni betri inabaki ya nyumbani.

Kwa yule kijana tulivuta waya mpaka sebuleni, tukafunga taa moja na swichi. Mfukoni ilimtoka bei ya trei chache za mayai. Aliogopa utagaji utashuka, akawa anahesabu mayai kila asubuhi mwezi mzima. Haukushuka.

Nilipopita tena juzi alikuwa na malalamiko mapya: watoto wa majirani wanakuja kusoma kwake, jana walikuwa sita, na meza ni moja. Aliniuliza kama mfumo unabeba taa nyingine kule barazani. Unabeba. Nikamwambia akatafute benchi.