Muda wa Mgonjwa Nao ni Mali

Mkulima wa pamba wa Ngulyati, wilayani Bariadi, hahitaji kufundishwa thamani ya siku. Akichelewa kupanda mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, au akiahirisha palizi, hasara huiona kwenye mavuno. Mtu huyo huyo akiugua shinikizo la damu, huambiwa tu afike kliniki asubuhi. Hufika saa moja, akaonwa saa saba. Hakuna aliyemtukana, lakini amekwisha kuelewa kwamba saa zake sita si kitu.

Funzo hilo lina madhara ya kitabibu. Anayeaminishwa kuwa muda wake hauna thamani huanza kujidharau, na anayejidharau hawezi kudumu na vidonge vya ugonjwa usiouma. Hukosa miadi, dawa humwishia, kisha huletwa na kiharusi. Daftari humwita mtoro, ilhali pengine alichokimbia ni foleni.

Mhudumu naye hakusalimika. Wapo wanaoona fahari kushinda bila kula ili foleni iishe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kupungua kwa ufanisi. Muuguzi anayeupima utu wake kwa saa alizojinyima ni vigumu aheshimu saa za mwenzake.

Itasemwa kuwa wahudumu ni wachache, na ni kweli. Hata hivyo, kugawa miadi kwa vipindi, wagonjwa kumi saa mbili na kumi saa nne, kunahitaji daftari na kalamu tu. Huduma za VVU nchini zimekwisha kuonesha njia nyingine: mgonjwa ambaye hali yake ni imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Mwenye shinikizo la damu lililodhibitiwa anastahili utaratibu kama huo. Mgonjwa naye aitunze saa aliyoandikiwa, kwani miadi ni ahadi ya watu wawili.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika kliniki huumiza na utu, na dawa ya maumivu hayo imo mikononi mwa anayeandika kadi ya miadi.