Ukiona Vyaelea, Vimeundwa



Mwezi uliopita tulialikwa Houston kwenye hafla ya madrasa, na baada ya sala ya Adhuhuri, chai ikiwa bado i moto, palizuka mabishano ambayo twaona yafaa kuzungumzwa katika safu hii. Kijana mmoja wa jamaa zetu, ambaye wazazi wake walihamia Texas kutoka Pwani, alitunga miaka minne iliyopita programu ya simu ya kuwekea kumbukumbu za watoto wanaohifadhi Qur'ani: sura aliyofikia mtoto, makosa aliyosahihishwa, siku aliyosikilizwa, yote kwa Kiswahili. Familia kama 60 za Irving, Fort Worth na Houston ziliinunua kwa dola 20, malipo ya mara moja. Sasa kijana ametangaza kwamba kuanzia mwaka ujao kila familia italipa dola 2 kwa mwezi.

Mzee mmoja alisema, "Kitu tumekwisha kukinunua, vipi tuuziwe mara ya pili?" Mwingine alitamka neno ulafi. Sisi, tunakiri, tulitikisa kichwa kumuunga mkono. Lakini njia ya kurudi Dallas ni mwendo wa saa nne, na katika saa hizo tulipata wasaa wa kujiuliza kama tulikuwa tumemtendea kijana haki.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuifananisha programu na kitabu. Kitabu tulichokinunua tukiwa wanafunzi wa chuo kikuu kingali rafuni, na hata leo tukikifungua kinasomeka. Programu haiko hivyo, kwani inakaa juu ya programu nyingine, nayo ni ile inayoendesha simu yenyewe, na mwenye simu akibadilisha yake, mdogo aliye juu hana budi kufuata. Septemba 2017 Apple ilipotoa toleo la 11 la iOS, programu zote za zamani za biti 32 ambazo watunzi wake hawakuzirekebisha ziliacha kufunguka. Hazikuharibika, zilikuwa vilevile, ila ardhi iliyo chini yao ilihama.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi watu wa Pwani twajua zaidi ya hapo: jahazi halitoshi kuundwa, hulazimu pia kupandishwa pwani, kukalafatiwa na kupakwa sifa, tena na tena, ama sivyo abiria watashinda wakifua maji. Sisi tulimlipa kijana ujira wa kuunda. Ujira wa kukalafati hatukumlipa, ilhali kila jahazi lilipovuja tulimpigia simu usiku.

Tufanye hesabu, kama tulivyozoea ubaoni. Familia 60 kwa dola 20 ni dola 1,200. Duka la Apple humkata mtunzi mdogo asilimia 15 (kiwango hicho kilianza Januari 2021 kwa wasiozidisha mapato ya dola milioni 1 kwa mwaka, kabla yake kilikuwa asilimia 30). Zinabaki dola 1,020. Tena Apple humtoza kila mtunzi ada ya dola 99 kwa mwaka, ambayo kwa miaka minne ni dola 396. Kilichobaki ni dola 624, yaani dola 13 kwa mwezi, kwa kazi ya usiku na ya Jumapili. Hapa tulijikuta tukicheka kwa uchungu, maana Google humtoza mtunzi dola 25 mara moja tu, basi. Mabishano yetu ya Houston, kumbe, hata wakubwa hawakuyamaliza baina yao!

Kwa dola 2 za kila mwezi, familia hizo hizo zitatoa dola 1,440 kwa mwaka. Ondoa asilimia 15 na ada ya dola 99, zabaki dola 1,125. Huo si ulafi. Haufiki hata dola 100 kwa mwezi.

Hapa Texas kwenyewe, malipo ya mara moja yaliwahi kustawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ndogo ya Apogee iliyokuwa Garland, na vijana wa id Software waliokuwa Mesquite, waliuza michezo yao ya kompyuta kwa njia ya ajabu: sehemu ya kwanza walimwacha kila mtu ainakili na kumpa mwenzake bure, na aliyetaka sehemu zilizobaki aliagiza kwa simu au kwa hundi, akaletewa disketi kwa posta. Wolfenstein 3D ya Mei 1992 na Doom ya Desemba 1993 zilienea hivyo. Hatuisifu michezo yenyewe, ambayo ilijaa damu na haikufaa watoto. Twataja namna ya kuuza tu. Njia ile iliwafaa kwa sababu mchezo ukishakamilika umekamilika, na kompyuta ya wakati ule ilikaa mezani miaka bila kubadilishwa kitu ndani yake.

Baadaye mambo yaligeuka. Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za picha na uchapaji yatalipiwa kwa mwezi au kwa mwaka tu. Mwaka 2016 Apple nayo ilifungua mlango kwa programu za kila aina kutoza malipo ya kujirudia. Tangu hapo kila kitu kinataka kodi, na hapo ndipo wazee wetu walipo na hoja. Tunamjua mama mmoja mtu mzima ambaye mwanawe alipomsomea taarifa ya benki, aligundua kwamba alikuwa akikatwa dola 10 kila mwezi kwa programu ambayo hakuigusa karibu miaka miwili. Si yeye peke yake. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba iliwaficha wateja ada ya kujitoa mapema na kuwawekea vikwazo waliotaka kuondoka. Oktoba mwaka huo huo tume ya biashara ya serikali ilipitisha kanuni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, lakini mahakama ya rufaa iliitangua Julai 2025. Kwa hiyo kila mtu achunge mfuko wake mwenyewe.

Tugeukie elimu tuliyoipata madrasani. Sisi si mufti, wala hatutoi fatwa. Mwenye shaka amwulize shekhe wake. Lakini sote tulisoma kwamba bai ni jambo moja na ijara ni jingine. Katika bai, kitu huhama mikononi mwa muuzaji kikawa mali ya mnunuzi. Katika ijara, kitu hubaki kwa mwenyewe, nawe hununua manfaa yake kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana. Zote mbili ni halali. Lililokatazwa ni gharari, mtu kutojua anachokitoa na anachokipata. Tena wanazuoni wa Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait Desemba 1988, waliamua kwamba haki za mtunzi na za mvumbuzi ni mali inayolindwa na sheria ya dini, haifai kuvamiwa. Kwa hiyo anayesema "programu ni hewa tu, hailipiwi" hana pa kusimama.

Kijana wetu, basi, hakukosea kutaka ijara. Alikosea kuibadilisha bai kuwa ijara kwa tangazo la mistari mitatu, bila kueleza kumbukumbu za watoto zitakuwaje kwa familia isiyolipa. Hilo ndilo zito kuliko dola 2. Mle ndani mna miaka minne ya juhudi za watoto wetu, na mlango wa nyumba ya kupanga aufungaye ni mwenye nyumba.

Kuna waliosema afadhali tutafute ya bure. Wakumbuke Novemba 2020, gazeti la Vice liliporipoti kwamba Muslim Pro, programu mashuhuri ya nyakati za sala, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, na kwamba wateja wa X-Mode walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Lakini funzo limebaki: usipomlipa mtunzi wewe, yuko atakayemlipa, na huenda anunuacho ni wewe.

Je, hapana njia ya kati? Ipo, na kwetu haikuwa ngeni. Kenya, tangu mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA iliwapa watu taa za umeme wa jua kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu. Ukimaliza deni, mtambo ni wako. Mwaka 2015 kampuni ya JetBrains, ambayo huwauzia zana watunzi wa programu, ilitangaza malipo ya kujirudia, wateja wakaghadhibika, nayo ikarekebisha: aliyelipa miezi 12 mfululizo, hata akiacha, hubaki na toleo alilokwisha kulilipia. Hatapata mapya, lakini hafungiwi nje.

Jioni moja tulimpigia simu kijana, kwanza tukamtaka radhi. Akasema, "Maalim, sikutaka kumfungia mtu. Niliogopa kwamba nikichoka nitaacha, na mkiamka siku moja haifunguki." Tukamshauri mambo manne, naye akayakubali. Waliolipa dola 20 watumie toleo walilo nalo maadamu simu zao zinalipokea, bila kudaiwa kitu. Kila familia iweze kutoa kumbukumbu za mtoto wake na kuzichapa kwenye karatasi, imelipa au haijalipa. Atakayelipa mwaka mzima kisha akaacha, abaki na toleo alilolifikia. Na kujitoa kuwe kwa hatua moja, bila kuulizwa sababu.

Kwa upande wetu wazazi, tuandike kwenye karatasi ya jikoni kila kitu tunachokatwa kwa mwezi, tufute tusichokitumia, kisha tumlipe aliye wetu bila manung'uniko. Madrasa nayo inaweza kuwalipia wasiojiweza. Familia tano ni dola 10 tu kwa mwezi.

Hata jarida hili mlishikalo, karatasi zake, wino wa mashine na stempu zake, haziji kwa mchango mlioutoa mwaka ule tulipoanza. Huja kwa mchango wa kila mwaka, na mwaka mkichelewa, kurasa hupungua.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam.