Kompyuta Haijui Kilichomo Guniani

Katika mikutano mikuu ya vyama vya ushirika vya kahawa, kuanzia Othaya hadi Mathira, kuna pendekezo ambalo halikosi kupigiwa makofi. Mkulima husimama, akalalamikia malipo duni, kisha akamalizia: tununue kompyuta, tuweke mfumo, wizi utakoma. Hata wasomi wanaofanya kazi Nyeri mjini na Nairobi huiunga mkono kauli hiyo wanaporudi nyumbani. Nia yake ni njema. Hata hivyo, chama kikiiamini kama ilivyo, kinaweza kutumia fedha za wakulima kutibu mahali pasipouma.

Tuitendee haki kwanza. Katika vituo vya kununulia majani chai vya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, mizani ya kielektroniki imechukua nafasi ya ile ya zamani na kalamu ya karani. Mkulima wa Chinga au Ragati huondoka na risiti iliyochapishwa palepale, na nusu kilo haimezwi tena na makadirio ya mtu aliyechoka. Hesabu zilizowakesha makarani mwisho wa mwezi sasa huchukua dakika chache. Haya ni manufaa halisi, na sitaki kuyapunguza hata kidogo.

Kosa linaanza pale kifaa kinapodhaniwa kuwa ndicho mfumo. Mfumo wa taarifa za usimamizi ni njia nzima: kazi inapimwa, kipimo kinaandikwa, kinalinganishwa na vipimo vingine, matokeo yanamfikia mwenye mamlaka ya kuamua, na uamuzi wake unarudi kiwandani ambako kazi inapimwa upya. Kompyuta hurahisisha kuandika na kulinganisha. Kupima kwa uaminifu na kuamua kwa ujasiri hubaki kuwa kazi za watu, na mara nyingi njia hukatika hapo.

Ushahidi wa kwanza tunao wenyewe, ndani ya magunia yetu. Kahawa ya Kenya inapofika kinuni, kila shehena hupewa namba inayoonyesha wiki ya msimu, kinu kilichoipokea na nafasi yake katika orodha ya mapokezi. Namba hiyo hufuatana na kahawa hadi mnadani katika Soko la Kahawa la Nairobi, pamoja na daraja lake: AA, AB, PB, C na mengineyo. Chama cha Gikanda kina viwanda vitatu, Gichathaini, Kangocho na Ndaroini. Kwa namba hizo kahawa ya kila kimoja huweza kuonjwa, kuuzwa na kulipwa peke yake, na mnunuzi wa ng'ambo akajua gunia lake lilitoka bonde gani. Utaratibu huo hauhitaji umeme. Unahitaji daftari, kalamu na watu waliokubaliana kutoichezea namba. Ni mfumo wa taarifa wa kiwango cha juu kabisa, nami huona uchungu ninaposikia wakulima wakiambiwa kwamba hawajawahi kuwa na mfumo.

Ushahidi wa pili ni hesabu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndiyo kiini cha hoja yangu. Kwa makadirio ya kawaida, kilo saba hivi za cheri, yaani matunda ya kahawa kama yalivyochumwa, hutoa kilo moja ya kahawa safi. Katikati yake kuna pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa, ikachachushwa, ikaoshwa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake la ndani. Kinu kikiliondoa ganda hilo, uzito hupungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Tuseme kiwanda kimepokea kilo 70,000 za cheri. Tunatarajia takriban kilo 12,500 za pachimenti, kisha takriban kilo 10,000 za kahawa safi. Sasa tuseme kahawa safi imekuwa kilo 8,500. Kompyuta itaichapa 8,500 kwa herufi za kupendeza, na mkutano utaambiwa kwamba mwaka ulikuwa mbaya.

Meneja anayeujua mfumo wake ataitafuta namba ya katikati. Ikiwa pachimenti iliyotoka kiwandani ilikuwa kilo 12,500, maswali yanaelekea kwenye usafiri, kinu, au pachimenti iliyopimwa kabla haijakauka vizuri. Ikiwa ilikuwa kilo 10,600 tu, kasoro iko nyumbani: cheri mbichi au zinazoelea zilipokelewa bila kuchambuliwa, ghala lilivuja usiku, au zile kilo 70,000 hazikuwahi kufika zote.

Uwezekano huo wa mwisho ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Wengi hufikiri kwamba karani akimwongezea rafiki yake kilo hewa, yaani zilizoandikwa bila kuletwa, anakiibia chama, kana kwamba chama kina mfuko wake wa pembeni. Sivyo. Fedha za mauzo, baada ya makato, hugawanywa kwa jumla ya kilo za cheri zilizoandikwa. Tuseme za kugawanywa ni shilingi 7,000,000. Kwa kilo 70,000, kila kilo inalipwa shilingi 100. Ikiwa 3,000 kati ya hizo ni hewa, cheri za kweli ni kilo 67,000, na zilistahili zaidi ya shilingi 104 kila moja. Mkulima aliyeleta kilo 2,000 amepoteza karibu shilingi 9,000, ilhali risiti zake zote ni sahihi, mizani haikumpunja, na ujumbe wa simu ulimfikia kwa wakati. Hakuna kosa analoweza kuliona katika kumbukumbu zake mwenyewe, kwa kuwa limekaa kwenye jumla. Kompyuta iliyolishwa kilo hewa itamhakikishia kwamba hesabu zimelingana, na kweli zimelingana.

Tatu, kuna suala la nani anapata taarifa ipi. Mwaka 1967 Mmarekani Russell Ackoff aliandika makala kupinga imani kwamba shida kuu ya mameneja ni uhaba wa taarifa. Alisema wengi wao wamefunikwa na taarifa zisizowahusu. Onyo hilo linatufaa. Karani anahitaji kila risiti. Meneja anahitaji jumla ya kila siku ya kila kiwanda. Kamati haina haja na kurasa mia mbili za majina. Inahitaji kuona ni kiwanda gani uwiano wake wa cheri kwa pachimenti umeanza kuharibika, na kuona hilo mwezi Novemba, wakati msimu mkuu bado unaendelea. Taarifa sahihi inayofika baada ya mnada ni historia tu.

Atakayenipinga atasema kwamba kompyuta angalau huacha alama ya nani aliingiza nini. Ni kweli, mradi kila mtu anatumia nywila yake mwenyewe. Katika sakata la shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 2015, fedha zilipita katika IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, na mjadala ukaishia kwenye nywila: ya nani ilitumika, na ni nani aliyeitumia.

Wengine watautaja mfumo wa malipo ya moja kwa moja ulioanza mwaka 2023, ambapo fedha za mnada hupitia benki badala ya mikono ya madalali. Naukubali, kwa sababu umepunguza mahali pa fedha kukwama. Lakini benki haikai penye mizani. Fedha humfikia mkulima kwa kufuata orodha iliyoanzia kwa karani, na kilo hewa iliyomo katika orodha hiyo italipwa haraka kuliko zamani.

Kwa hiyo sipingi ununuzi wa kompyuta. Napinga mpangilio wa hatua. Kabla ya zabuni, chama kianze na mambo ambayo hayahitaji mkopo. Jumla ya cheri za siku iandikwe ubaoni jioni, mbele ya wakulima waliozileta, kabla mashine ya kumenya haijawashwa. Anayepima asiwe ndiye anayejumlisha. Pachimenti ipimwe inapoingia ghalani na ipimwe tena inapotoka, na namba hizo mbili zitiwe sahihi na watu wawili tofauti. Kamati ipewe kila wiki ukurasa mmoja wenye uwiano wa kila kiwanda, na kumbukumbu zake zionyeshe ilichoamua baada ya kuusoma. Chama kilichofanya hivyo kwa msimu mmoja kitajua hasa programu ya kununua na maswali ya kumuuliza muuzaji, na mkulima atakayesimama kwenye mkutano mkuu ataweza kudai namba tatu za kiwanda chake: cheri, pachimenti, kahawa safi.